Kibaba, Pishi na Mfunguo: Hesabu ya Karamu ya Sikukuu katika Mwambao wa Bagamoyo



Nilipoombwa kutoa mhadhara wa mwaka huu, yamkini wenzangu wa idara walitaraji niseme juu ya ngeli au mnyambuliko wa vitenzi, mambo ambayo yamenilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimechagua kusema juu ya kitu kilichonilisha kabla ya hayo, yaani wali wa sikukuu. Swali langu ni hili: mtu wa mwambao wa Bagamoyo asiye na kitu, ambaye hata hivyo anapaswa kuweka sinia mbele ya wageni siku ya Idi, alikuwa akiipangaje karamu hiyo? Nami nitalijibu kwa njia ninayoijua, ya kuyauliza maneno.

Nina sababu ya kuchagua swali hili. Tangu enzi ya Wajerumani hadi vijiwe vya leo kuna usemi kwamba mtu wa pwani hana hesabu: akipata hula, akikosa hulala, na sikukuu ikikaribia hukopa. Nilipokuwa mwanafunzi niliusikia usemi huo mabwenini mara nyingi, na zipo siku nilizocheka pamoja na waliousema, jambo ninalolijutia. Watu wasio na hesabu hawawezi kuwa na msamiati wa hesabu. Najua kwamba kuwapo kwa neno si ushahidi wa tabia. Tunalo neno "uadilifu" na bado tunaibiana. Lakini vipimo, majina ya miezi na majina ya namna za kushirikiana chakula ni maneno ya kazi. Hayadumu katika lugha ila yanatumiwa.

Nianze na chombo. Katika nyumba za mwambao huu, kuanzia Kunduchi na Mbweni hadi Bagamoyo, Winde, Saadani na Pangani, nafaka ilipimwa kwa ujazo kabla ya kupimwa kwa uzito. Kipimo kidogo ni kibaba, ambacho kwa mchele ni kama gramu 700 hivi. Vibaba viwili ni kisaga. Vibaba vinne, au visaga viwili, ni pishi, yaani kilo mbili na nusu na kitu. Pishi 60 ni jizla moja, lakini hicho ni kipimo cha wafanyabiashara na wenye mashamba, na katika mhadhara wa watu wasio na kitu tunaweza kukiacha mlangoni. (Wanafunzi wangu hupenda kulihusisha neno pishi na mpishi. Kanuni ya k kugeuka sh mbele ya kiambishi -i inaeleza vizuri jinsi pika ilivyozaa mpishi na mapishi. Chombo cha kupimia haikielezi.)

Kibaba kilikuwa zaidi ya chombo. Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa mlango wa njia ya misafara iendayo Unyamwezi na Ujiji, na wapagazi kwa maelfu waliingia na kutoka humo kila mwaka. Posho ya mpagazi, kwa desturi ya safari, ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Kwa hiyo mkazi yeyote wa Bagamoyo, hata asiyejua kusoma, alikijua kiasi hiki: mtu mzima mmoja, siku moja, kibaba kimoja. Mwenye kujua hilo anaweza kupanga chakula cha watu wowote kwa siku zozote, na wanawake wa mji ule walilijua sana, kwa kuwa wengi wao waliishi kwa kuwauzia wapagazi hao chakula.

Mama yangu aliirithi hesabu hii na kuifupisha kwa ajili ya karamu. Kwa kuwa kibaba ni cha siku nzima, alisema, kwa mlo mmoja wa sikukuu kibaba ni watu wawili. Kisaga ni sinia moja ya watu wanne. Pishi ni sinia mbili. Nazi nne kwa pishi moja mwaka mwema, nazi mbili mwaka mbaya, na mwaka mbaya machicha hayatupwi baada ya tui la pili bali hurudishwa kwenye kifumbu na kukamuliwa mara ya tatu. Nyama haikupimwa kwa uzito. Ilikatwa kwa idadi ya vichwa, kipande kimoja kimoja, ikapikwa mchuzi mwingi na kupangwa juu ya wali mbele ya macho ya wote, ili asiwepo wa kuchukua viwili kwa kusahau. Swali lake la kwanza halikuwa "tuna shilingi ngapi?" Aliuliza, "Tutakuwa wangapi?" Fedha ilikuja mwishoni, nayo ilikuja kujibu upungufu tu.

Hesabu hii ya vichwa na vibaba imo pia katika ibada, na hapa pana jambo ambalo wanaisimu hatulitazami vya kutosha. Mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufungulia saumu umetupa maneno matatu: futari, chakula cha magharibi, Idi el-Fitri, sikukuu yenyewe, na fitri, zaka itolewayo kabla ya sala ya Idi. Zaka hiyo ni saa moja ya chakula kikuu cha nchi kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo. Saa hapa ni kipimo cha Kiarabu chenye mudi nne. Wanazuoni wa mwambao walipoitafsiri hawakuhitaji kubuni chochote, maana walikuwa na pishi yenye vibaba vinne, na ujazo wake ulikaribiana mno na wa saa. Anayepaswa kutoa, kwa fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani, ni yule ambaye amebakiwa na kitu kinachozidi chakula chake na cha watu anaowalisha kwa mchana na usiku wa Idi. Tafadhali itazameni sharti hiyo kwa makini. Mtu hawezi kujua kama anapaswa kutoa au kupokea mpaka ahesabu kwanza karamu yake. Sheria yenyewe inamlazimisha kila mwenye nyumba kufunga mahesabu usiku wa kuamkia sikukuu, na kila mwaka mstari unapita mahali pengine: aliyetoa mwaka jana huenda akapokea mwaka huu.

Nyumbani kwetu mstari huo ulituvuka mara moja. Nilikuwa darasa la tano. Mwezi ulipoandama jirani alileta pishi mbili katika kikapu kilichofunikwa kanga. Mama alizipokea kwa heshima zote, na jirani alipoondoka akachukua kibaba chake akazipima upya mbele yetu. Nilidhani anamshuku jirani. Alikuwa anatafuta sinia: pishi mbili, sinia nne, watu kumi na sita. "Basi tutaweza kumwita na babu yenu," akasema.

Naja sasa kwenye kalenda. Majina ya miezi ya Kiislamu katika Kiswahili cha mwambao ni ya ajabu kwa yeyote anayeyatazama kwa mara ya kwanza. Rajabu, Shaabani na Ramadhani yamebaki na majina ya Kiarabu. Miezi tisa iliyosalia imepewa namba, na namba hizo zinaanzia Idi: Mfunguo Mosi ni mwezi wa Shawali, kisha Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, hadi Mfunguo Tisa. Watu wengi leo hutamka mfungo, na hilo limepoteza maana. Kufunga ni saumu. Kiambishi -u- kinachopindua maana kimetupa fungua, na mfunguo ni kule kufungua. Mwaka wa mwambao, kwa hiyo, unahesabiwa kwa umbali kutoka chakula cha kwanza baada ya saumu. Idi kubwa, ya kuchinja, huangukia tarehe 10 ya Mfunguo Tatu. Maulidi huangukia Mfunguo Sita. Mama wa nyumba haitaji karatasi ili ajue kwamba kati ya Idi ndogo na Idi kubwa ana miezi miwili na siku kumi za kujikusanya tena, na kwamba kutoka hapo hadi maulidi ana takribani miezi mitatu. Jina la mwezi linamwambia.

Upande wa pili wa mwaka una neno lake pia. Siku za mwisho za Shaabani watu huvunja jungu, yaani hula vizuri kwa mara ya mwisho kabla ya saumu. Wahubiri hulilaumu jambo hili kwa ulafi, nao wana haki yao, kwa kuwa siku hizi limekuwa kisingizio cha mengi. Lakini wazee wangu walilieleza kwa akili ya ghala: kinachoweza kuharibika kiliwe kabla ya mwezi, na kinachodumu kipimwe upya. Rajabu na Shaabani mama yangu alikuwa na desturi nyingine isiyo na jina kamusini. Kila alipopima mchele wa kupika alirudisha konzi moja katika chungu cha pembeni. Hatukuona tofauti sahanini. Nilipokuwa mtu mzima nilipima konzi yangu kwenye mizani ya jikoni nikapata gramu 50 hivi. Kwa siku 60 hizo ni kilo tatu, yaani pishi na zaidi. Sinia mbili za Idi zilizotoka pasipo kununuliwa. Methali ya haba na haba hufundishwa darasani kama fumbo la subira. Kwetu ilikuwa maelezo ya utaratibu wa jikoni, na kibaba kilichotajwa ndani yake kilikuwa kimetundikwa ukutani.

Ugumu wa kalenda hii ni kwamba inatembea. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi huzunguka majira yote kwa muda wa miaka ipatayo 33. Ikiangukia Julai, mpunga wa bonde la Ruvu umekwisha vunwa na mchele ni rahisi. Ikiangukia Aprili au Mei, masika yamekaza, ghala ni tupu, mpunga ungali shambani na upepo wa kusi unawazuia wenye vyombo vidogo wasiende mbali baharini. Wali ni ghali na samaki ni ghali. Mpangaji wa karamu ya Idi alipaswa kukariri mzunguko huo. Mwaka 2000 Idi el-Fitri iliangukia mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, sikukuu mbili za kufungua katika mwaka mmoja wa Kizungu, ya pili ikigusana na Krismasi. Jambo hilo litarudi mwaka 2033. Atakayepanga matumizi yake kwa kalenda ya mshahara peke yake atashangaa. Anayehesabu mifunguo hatashangaa.

Ndiyo maana naiona Siku ya Mwaka, au Nairuzi, kuwa na umuhimu ambao waandishi wa ngano wameupita. Huu ni mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, na mabaharia na wakulima waliutumia kujua wakati wa kutweka na wa kupanda. Tunaufahamu zaidi kwa sherehe za Makunduchi kule Unguja, za mwezi wa Julai, lakini Mrima nao uliusherehekea. Karamu yake haikutembea kama Idi. Ilikaa karibu na mavuno, wakati hata maskini ana kitu. Watu hawa, basi, walikuwa na mahesabu mawili kwa pamoja: moja la sikukuu inayoweza kuja katikati ya njaa na inayohitaji akiba, jingine la sikukuu inayokuja na chakula chake.

Mhadhara wa namna hii hauwezi kumpita Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903 kimetokana kwa sehemu kubwa na maandishi yake, ingawa jina lililotangulia ni la Velten. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakuu wa koloni walimzuia asishuke naye Dar es Salaam, akarudi Ujerumani, na Berlin ndiko alikofia mwaka 1927. Mtu huyu ametuachia maelezo ya ndoa, ngoma, mazishi, kilimo, uvuvi, utumwa na sheria ambayo hayana mfano. Nina lawama moja tu juu yake, nayo ni lawama ya mtoto wa mpishi. Mtoro anaiandika karamu zaidi kwa jicho la mgeni aliyeketi jamvini. Tunaona ada, heshima na vyakula; aliyekesha akichagua mchele na kugawanya tui haonekani sana. Hesabu ya jikoni haikuandikwa na wanaume wa Bagamoyo wala na Wajerumani waliowauliza wanaume hao. Imebaki katika maneno, na maneno hayo yalitunzwa na wanawake.

Miongoni mwa maneno hayo mawili yanakaribia kufa. La kwanza ni kikoa. Kula kikoa ni kula pamoja kwa zamu, leo chakula kikitoka kwako na kesho kikitoka kwa mwenzako. La pili ni bia, na hapa sina budi kuwaomba vijana wasicheke, kwa sababu silo neno la kinywaji. Kula bia ni kula kwa kuchangiana gharama. Tofauti ya maneno haya ni ndogo lakini ni ya msingi. Katika bia watu hugawana mzigo kwa siku moja. Katika kikoa huugawanya kwa siku nyingi. Lugha iliyoona haja ya kutenga mambo hayo mawili ilikuwa na wasemaji waliofikiri sana juu ya nani alipe na lini.

Futari ya barazani ilikuwa namna ya bia. Kila nyumba ilitoa sinia iliyo nayo, muhogo kwa huyu, viazi vitamu kwa yule, uji kwa mwingine, na wanaume na watoto wa mtaa wakala pamoja pasipo kuulizana. Idi ilikuwa ya kikoa. Katika mtaa wetu Idi Mosi ilikuwa ya nyumba ya mkubwa wa ukoo, Idi Pili ya wadogo zake, Idi Tatu ya wakwe, na hakuna nyumba iliyopika wali wa wageni siku zote tatu. Kwa Idi ya kuchinja sheria ilisaidia tena: mbuzi hutosha mtu mmoja, ng'ombe hutosha watu saba. Watu saba wasioweza kitu huweza ng'ombe.

Maulidi yaliukuza utaratibu huo kwa kiasi kikubwa zaidi. Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa na aliyefariki mwaka 1931 akiwa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiriya, aliyafanya maulidi ya Bagamoyo kuwa mkusanyiko wa watu kutoka mbali. Wageni hao walipaswa kula. Mji uliokuwa ukiwapimia wapagazi kibaba ulijua namna ya kuwalisha.

Hadi hapa nimesema kama wakili. Sasa niseme kama shahidi, kwa sababu usemi niliotaja mwanzoni una punje ya kweli ndani yake. Neno karamu limetoka katika mzizi wa Kiarabu wa ukarimu na heshima. Neno gharama limetoka katika mzizi mwingine, wa kuwajibika kulipa, wa hasara na deni. Yanafanana kwa sauti lakini si ndugu. Yamekuwa majirani kwa sababu ya historia, na historia hiyo ni chungu.

Katika karne ya 19 heshima ya mtu mkubwa wa mji wa pwani ilipimwa kwa karamu. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kinachohusu hasa Pangani, amelionyesha jambo hili kwa kina: ili abaki mkubwa, jumbe au mwenye shamba alipaswa kulisha, na ili alishe alikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, akaweka shamba rehani. Biashara ya misafara ilipoongeza fedha mjini iliongeza pia idadi ya wanaotaka kuwa wakubwa, na kila mmoja alitaka sinia zake zionekane. Mwezi Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kuchukua mamlaka ya pwani, siku zilikuwa zilezile za Idi ya kuchinja na Pangani ilikuwa imejaa watu waliokuja kusherehekea. Vita vya Abushiri havikusababishwa na karamu. Ila waliosimama dhidi ya Wajerumani walikuwa wamekusanywa na sikukuu, na wengi wa wakubwa wao walikuwa watu wanaodaiwa.

Nasisitiza neno wakubwa. Hesabu ya vibaba na kikoa ilikuwa ya wadogo. Aliyekataa kula kikoa, aliyetaka Idi Mosi, Pili na Tatu ziwe kwake peke yake, ndiye aliyeishia rehani. Kisha likaja jambo la kumfanya hata mdogo aionje hali hiyo. Kodi ya nyumba iliyoamriwa na Wajerumani mwaka 1897 ilidai rupia. Pishi haikukubaliwa daima, konzi haikukubaliwa kamwe. Rupia moja ilikuwa pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 heller 100. Chini ya Waingereza ikaja shilingi, mwaka 1921. Tangu hapo mchele wa akiba ulikuwa na mshindani, kwa sababu uliweza kuuzwa, na mtu aliyeuza akiba yake alipaswa kuinunua upya sikukuu ilipofika, kwa bei ya sikukuu.

Deni la sikukuu nimeliona kwa macho. Ule mwaka tuliopokea fitri ulikuwa na mwaka mwingine uliotangulia, na huo ndio uliotufikisha pale. Baba alikuwa na wakwe wapya, dada yangu mkubwa akiwa ameolewa, na hakutaka waone sinia yenye vipande vya nyama vilivyohesabiwa. Alichukua kwa mkopo nyama, mchele na nguo katika duka moja la mjini, na mwenye duka akaandika daftarini. Ilikuwa Idi nzuri sana, siwezi kukana. Nakumbuka tambi na vitumbua vilivyobaki hadi asubuhi ya tatu. Kulipa kulichukua Mfunguo Mosi yote, Mfunguo Pili yote, na kulipofika Mfunguo Tatu hatukuwa na jogoo wa kuchinja. Mama hakumlaumu baba mbele yetu. Alisema tu, "Tumekula Idi mbili kwa siku moja."

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hesabu ya mama ilirudi kuwa ya nchi nzima, bila ya nchi kujua. Vita vya Kagera vilikuwa vimepita, fedha za kigeni hazikuwapo, na maneno yaliyotawala yalikuwa foleni, mgao na ulanguzi. Machi 1983 ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na maduka mengi yakawa matupu zaidi, kwa kuwa hata wenye bidhaa halali waliogopa kuonekana nazo. Idi el-Fitri ya mwaka huo iliangukia katikati ya Julai. Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu. Nilirudi Bagamoyo juu ya lori kwa barabara ya vumbi, nikiwa na kilo mbili za sukari ndani ya mfuko wa vitabu, nikijiona mkombozi. Nilikuta chungu cha konzi kimejaa tangu Shaabani. Shangazi alikuwa ameleta mchele mpya wa Ruvu. Majirani sita walikuwa wamekubaliana juu ya zamu. Sukari yangu ilipimwa kwa kikombe na kugawiwa nyumba hizo sita kabla sijamaliza kunywa maji.

Siku hizi neno linalotawala ni bajeti. Tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, ambao kwao neno la asili lilimaanisha mfuko mdogo wa ngozi. Silichukii. Kasoro yake ni kwamba katika mfuko huingia fedha tu, na mfuko una mwenye nao mmoja. Tunaposema "bajeti ya Idi" tumekwisha kubali kwamba karamu ni ya nyumba moja na kwamba kinachohesabiwa ni shilingi; swali la "tutakuwa wangapi" limesogezwa nyuma.

Hata hivyo wasemaji wa lugha hawashindwi kwa urahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilianza kuenea nchini benki ndogo za jamii zilizoitwa VICOBA, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Wanawake waliozianzisha mitaani walisikia ndani yake kiambishi vi- cha wingi, wakarudisha umoja wake, wakapata kikoba. Kwa sikio la Mswahili kikoba ni mkoba mdogo, yaani kile kile kifuko kidogo cha Wafaransa, lakini ni mkoba wenye wengi. Na kwa sikio langu, lililozeeka katika kazi hii, kinapishana na kikoa kwa konsonanti moja. Sidai kwamba yana uhusiano, hayana. Nasema tu kwamba vikundi hivyo huko kwetu, vilivyokusudiwa kukopesha mitaji, vimepewa na wenyewe kazi nyingine: vingi huvunjwa na kugawanywa karibu na sikukuu, Idi kwa hawa na Krismasi kwa wale, ili mchele ununuliwe kwa gunia moja na ng'ombe kwa watu saba.

Idi iliyopita dada yangu alinipigia simu Ramadhani ikiwa nusu. Hakuniuliza nitatuma kiasi gani. "Kaka, mwaka huu tutakuwa wangapi?" Nikahesabu wanangu, wakwe, wajukuu, nikamwambia kumi na saba. Akanyamaza kidogo, akaniambia nihesabu tena. Nilikuwa nimemhesabu mama. "Kumi na sita," nikasema. Akajibu kwamba basi pishi mbili zitatosha.